Tope la Ziwa Ixkab

San Bartolo Ixkab, Petén
12 Novemba 1998

"Wamaya wa kale waliiua ardhi yao kwa mikono yao wenyewe, na wajukuu wao leo wanaimalizia kwa panga na moto."

Maneno hayo si yangu, Evelio. Yamo ukurasa wa tatu wa Ripoti ya Kuliokoa Ziwa Ixkab, iliyotolewa na ofisi unayofanyia kazi huko mji mkuu. Nimeyatanguliza mbele ya salamu kwa sababu yamenikwama kooni kama mwiba wa samaki, na ningeanza na salamu ningekusalimu kwa unafiki.

Sasa salamu. Hujambo, mwanangu? Mkeo Nineth hajambo? Na binti yenu Damaris, meno ya mbele yameshaota? Sisi wazima. Sikukuu ya Wafu imepita, makaburi tumeyapaka chokaa, na marehemu bibi yako tumemwekea uji wa atoli wa mahindi mapya mezani kama kawaida. Baba yako alikohoa mwezi mzima lakini sasa anapanda kilimani bila fimbo. Mvua za tufani zilitutesa siku sita. Paa la jikoni kwangu lilikwenda likarudi nusu.

Ripoti ilisomwa Jumapili shuleni, mbele ya kijiji kizima. Katibu wa manispaa aliisoma kwa sauti ya padri anayezika tajiri. Alipofika pendekezo la nne watu waliacha hata kujipepea: kuanzia tarehe mosi Mei, hakuna kukata, kuchoma wala kupanda ndani ya kilomita tatu kutoka majini. Na shamba litakalokaa miaka miwili bila kulimwa litarudi manispaa "kwa matumizi ya utalii." Yaani mnatukataza kulima, kisha mnatunyang'anya kwa kosa la kutolima. Nimefundisha darasa la sita miaka ishirini na saba na sijawahi kumkuta mtoto mjanja kiasi hicho.

Crisanta Tzin, unamkumbuka, yule muuza mbegu za maboga, akasimama.

"Katibu, nina swali. Kama ni sisi tuliolichafua ziwa, mbona maji yananuka upande wa hoteli?"

"Mama, hayo ni mambo ya kitaalamu."

"Pua yangu haijasoma, lakini haidanganyi."

Watu wakacheka, ila kicheko chenyewe hakikutoka tumboni. Kilima kile ni mahindi ya familia thelathini, na ya kwanza kwa ukubwa wa mdomo ni yetu. Madiwani watapiga kura Aprili, kabla ya msimu wa kuchoma. Ukipita uamuzi huo, baba yako hatapanda Mei, na mtu wa umri wake akikosa msimu mmoja hawezi kuanza upya.

Swali langu ni fupi. Nani aliyeiandika sentensi ya ukurasa wa tatu?

Shangazi yako,
Otilia Cohuoj


Mji wa Guatemala
9 Desemba 1998

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na naomba baraka yako. Huku wazima. Damaris ameota jino moja, la pili linasitasita. Nineth anakushukuru kwa mbegu za maboga. Tumezikaanga na ndimu na hazikufika jioni. Pole kwa paa.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Nielewe: mimi ni mtu wa tope, si wa siasa. Acha nikueleze tope linasema nini.

Ukizamisha bomba refu katikati ya Ziwa Ixkab na kulitoa, unatoa miaka elfu nne imelala kwa tabaka. Chini kabisa ni tope jeusi laini, la wakati msitu ulikuwa umefunga. Juu yake unakuja udongo wa mfinyanzi wa kijivu, mzito, karibu mita nne. Mita nne, Shangazi. Ndani yake kuna chavua ya mahindi na majivu. Hiyo ni milima yetu. Babu zetu walikata msitu, mvua ikauosha mteremko, na udongo uliokuwa wa kulisha watu ukaenda kulala chini ya maji. Walipoondoka, msitu ulirudi na tope jeusi likarudi. Lakini udongo wa kilimani haujarudi kama ulivyokuwa. Wewe mwenyewe unajua: piga panga chini kilimani, unakutana na jiwe. Miaka elfu ya majani kuoza haikutosha.

Sikuyabuni hayo. Yameonekana katika maziwa mengi ya Petén, na watafiti wa mataifa mengi. Hasira haiwezi kuyafuta.

Nimekuwekea ndani makala mbili ujisomee. Ripoti ni kazi ya watu wengi, na kila ukurasa umepita mikono mingi.

Krismasi njema. Nisalimie wote nyumbani.

Evelio


San Bartolo Ixkab
3 Januari 1999

Evelio mwanangu,

Baraka unayo. Heri ya mwaka mpya. Binamu yako Yesenia amejifungua mvulana mwenye sauti ya mpiga tarumbeta. Baba yake anasema analia kwa kupangiwa zamu. Tamale zilikuwa nyingi, na baba yako alikula ya Damaris akisema anamtunzia nafasi tumboni.

Umeniambia ukurasa umepita mikono mingi. Sikuuliza ulipita mikono mingapi. Niliuliza ulitoka mkono gani. Nitangoja.

Makala zako nimezisoma, na nyingine tatu nimeagiza kutoka maktaba ya chuo kikuu. Tukubaliane kwanza pale panapostahili. Babu zetu walikosa. Walinyoa kilima mpaka kichwani, udongo ukashuka, na sisi bado tunalipa: ni kweli ninapochimba mhogo nyuma ya nyumba nagonga jiwe kabla sijatoka jasho. Sitawafanya malaika. Malaika hawali mahindi.

Lakini ninyi mmeisoma nusu ya tope. Katika ziwa jirani, hayo maandishi uliyonitumia wewe mwenyewe yanasema udongo mwingi zaidi uliingia majini mwanzoni, wakati watu walikuwa wachache na vijiji vimetawanyika. Karne nyingi baadaye, watu walipojaa kuliko walivyopata kujaa, tope lilipungua. Soma tena, ukurasa huo umeukunja kona kwa mkono wako. Kama kosa lingekuwa kuwapo kwetu tu, tope lingezidi kadiri tulivyozidi. Halikuzidi. Walijenga kuta za mawe kukinga mteremko, zile zile ambazo baba yako anapanda nyuma yake mpaka leo. Walijifunza. Na somo lenyewe tunalo: kichwa cha kilima hakinyolewi. Mtoto wa miaka mitano hapa anajua kwamba msitu wa kileleni una wenyewe, na kabla hujakata mti wa kwanza chini yake unapeleka ubani na atoli na kuomba kwa sauti. Ripoti yenu inaita hiyo "imani za kienyeji" katika tanbihi. Mimi naiita sheria ya misitu, na ni ya zamani kuliko jamhuri.

Sasa nenda kwenye tufani ya Novemba. Mvua siku sita, na kilima chetu kikiwa na mabua ya mahindi. Baada ya mvua nilishuka na baba yako mpaka ufukweni. Chini ya mashamba maji yalikuwa ya rangi ya chai. Upande wa pili, chini ya barabara mpya ya hoteli iliyokatwa mlimani hadi kwenye mwamba wa chokaa, ziwa lilikuwa jeupe kama maji ya kuoshea nixtamal, mahindi yaliyochemshwa na chokaa. Barabara hiyo haimo kwenye ripoti. Nimeitafuta kama mtu anayetafuta sindano. Kuna kurasa tisini na moja, na barabara haimo.

Niambie mlipataje hesabu yenu kwamba mashamba yetu ya milpa yanamwaga tani arobaini za udongo kwa hekta kila mwaka. Nani alipima? Nani alipanda kilima?

Hujaniuliza habari za baba yako. Nimekuambia mwenyewe, lakini hujauliza.

Shangazi Otilia


Mji wa Guatemala
20 Februari 1999

Shangazi mpendwa,

Naomba baraka yako, na unisamehe kwa kuchelewa. Mama mkwe alilazwa, amerudi nyumbani, sasa anatawala jikoni kutoka kwenye kiti. Damaris ameimba shuleni. Meno yamekamilika.

Kuhusu ziwa jirani, ni kweli tope lilipungua watu walipozidi. Lakini huenda lilipungua kwa sababu udongo mzuri ulikuwa umeshakwisha kushuka, hapakubaki cha kuoshwa. Kuta za mawe zilisaidia, hatujui kwa kiasi gani. Mtu mwaminifu husema "au."

Kuhusu tani arobaini. Hakuna aliyepima kilimani, muda haukuruhusu. Hesabu ilifanywa kwa kompyuta. Unaiambia mteremko, mvua na aina ya udongo, kisha inakuuliza ardhi inatumikaje. Inakupa machaguo matatu: msitu, malisho, au mahindi kwenye shamba lililogeuzwa kwa plau. Milpa haimo. Ikabidi tuchukue iliyo karibu nayo. Kila ofisi hufanya hivyo. Mhandisi Batres, mkuu wetu, aliridhika.

Barabara haikuwa katika hadidu za rejea.

Shangazi, usidhani nimesahau nilikotoka. Nina nyumba ya kupanga na mtoto anayesoma, na huku mtu mwenye jina la Kimaya kama letu hapewi nafasi ya pili. Nisalimie wote.

Evelio


San Bartolo Ixkab
1 Machi 1999

Evelio,

Salamu zimefika. Huku wazima, mtoto wa Yesenia amenenepa. Mashamba yameshakatwa, miti imelala inakauka, na kila mtu anatazama mbingu na kalenda ya madiwani kwa zamu.

"Au" yako naikubali yote. Huenda walijifunza, huenda udongo uliwaishia, huenda yote mawili. Mimi nimekubali neno lako moja dogo kwa dakika moja, mezani kwangu, na mshumaa. Mbona ninyi hamkupata nafasi yake katika kurasa tisini na moja? Mtu mwaminifu husema "au" katika barua kwa shangazi yake, kisha anaandika "waliiua" kwa madiwani?

Na sasa plau.

Nimesoma mstari huo nikasimama nikazunguka nyumba. Plau, Evelio. Wewe uliyepanda mahindi na baba yako tangu una miaka saba. Wewe unayejua kwamba tunakata miti tukiacha visiki mpaka magotini, mizizi ikabaki ardhini imeshika udongo. Kwamba ardhi yetu haigeuzwi hata kiganja kimoja. Kwamba mtu anatembea na mti uliochongwa ncha, anatoboa tundu, anadondosha mbegu tano, anafukia kwa dole la mguu, anasonga. Kwamba baada ya miaka miwili au mitatu shamba linaachiwa msitu. Batres hajui hayo, amezaliwa kwenye lami. Kompyuta haijui hayo. Mtu mmoja tu ndani ya ofisi ile alijua, na kompyuta ilipomuuliza, alinyamaza akachagua plau.

Mnasema mnapima dhambi za babu zetu. Mmepima dhambi ya mkulima asiyekuwepo na adhabu mmetupa sisi.

Jioni nilimpelekea baba yako habari. Alikuwa anachonga mti wa kupandia.

"Anselmo, wanasema unalima kwa plau."

"Nani, mimi?" Akacheka mpaka kikohozi kikarudi. "Kilima kile? Ng'ombe angeteleza toka juu mpaka ndani ya supu."

"Ripoti ndivyo inavyosema. Na Evelio ndiye aliyekuwa na kompyuta."

Akaacha kucheka. Akaendelea kuchonga, kisha akasema bila kuinua uso, "Nilimwona Agosti."

"Nani?"

"Mwanangu. Walikuwa juu ya jukwaa la maboya pale ng'ambo, wanazamisha bomba. Yuko na kofia ya kizungu, lakini anasimama vile vile, anapumzisha goti la kulia."

"Na hakuja nyumbani?"

"Walilala hotelini. Niliona taa."

"Ungempigia mluzi wako, si angegeuka."

"Nilipiga," akasema.

Hayo tu. Miezi saba amekaa nayo, na hakumwambia mtu. Ndiyo maana huulizi habari zake. Mimi nilidhani ni haraka za mjini.

Sikuombi machozi. Nakuomba majibu mawili: sentensi ya ukurasa wa tatu ilitoka mkono gani, na mliona nini juu ya bomba, pale kwenye tope la miaka ya karibuni.

Otilia


Mji wa Guatemala
2 Aprili 1999, Ijumaa Kuu

Shangazi,

Naomba baraka yako. Nineth na Damaris wamekwenda kutazama maandamano ya Ijumaa Kuu, nimebaki peke yangu ili nimalize barua hii. Nimeshaianza mara kadhaa.

Niliusikia mluzi.

Boti ilikuwa ya hoteli, vitanda vya hoteli, chakula cha hoteli, na meneja alikuwa amesimama gatini akitungoja. Nilijua nikigeuka nitaulizwa "yule ni nani," nami nitajibu "ni baba yangu, shamba lile ni letu," na kazi ingekwisha. Nikaendelea kushika kamba. Mtu aliyekuwa nami alisema, "Kuna ndege huko ng'ambo." Nikasema ndiyo.

Juu ya bomba tulilozamisha upande wa hoteli palikuwa na tabaka jeupe la chokaa, jipya, nene kama kiganja. Katika bomba la upande wa mashamba halikuwepo. Palikuwa na tope jeusi na majani. Kipande kile cheupe kipo, kimefungwa, nimekiandikia lebo kwa mkono wangu. Katika ripoti tuliandika "tope la kisasa" bila kusema la wapi.

Sentensi ni yangu. Batres alitaka mwanzo wenye nguvu, watu wasisinzie. Niliiandika kwa dakika kumi na akanipongeza mbele ya wote. Nilifurahi, Shangazi. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jana nilimwomba tuibadilishe hesabu. Alisema, "Bwana Licenciado, wewe ndiye uliyechagua plau, si mimi. Unataka ujulikane kwa lipi?" Nikajibu, "Kwa hilo hilo, na kwa kulikiri." Sidhani nitakuwa na meza Jumatatu.

Barua zangu zitumie. Jina langu usilifiche. Nataka kuja tarehe ishirini na mbili nizungumze mbele ya madiwani, na kipande cha tope ninacho. Sijui kama Baba atataka nilale kwake. Muulize. Usimbembeleze.

Baba hajambo?

Evelio


San Bartolo Ixkab
10 Aprili 1999

Evelio mwanangu,

Baraka yangu unayo, na leo bila kukunja uso. Tuko wazima. Crisanta amevunjika kifundo akishuka kanisani na anaongoza mapambano kutoka kitandani.

Baba yako hajambo. Nilimsomea barua yako yote, hata mahali pa ndege. Akasema, "Machela yake ipo. Lakini aje kwa miguu kupitia shambani, si kwa gari kupitia hotelini. Na asiniombe radhi mimi tu, kuna familia ishirini na tisa nyingine." Sikubembeleza, wala yeye hakunipa nafasi.

Kuanzia hapa barua hii si yako peke yako. Nimeinakili mara sita, na kila nakala ina barua zako ndani. Wanapelekewa madiwani watano wa manispaa, na gazeti la wiki litaichapa Jumamosi.

Waheshimiwa madiwani. Don Hermógenes Pinelo, uliyekwisha kutangaza sokoni kwamba utaunga mkono pendekezo la nne. Doña Aracely Zetina, uliyesema unasubiri sayansi. Na ninyi watatu mnaosubiri hao wawili wainue mikono. Sayansi ndiyo hii. Hatukatai kwamba babu zetu waliuosha mlima ziwani. Tunaishi juu ya jiwe walilotuachia, hatuhitaji kukumbushwa. Tunakataa kuhukumiwa kwa plau ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona San Bartolo. Tunakataa ziwa kuokolewa dhidi ya mti wa kupandia huku mlima uliokatwa kwa tingatinga unamwaga chokaa majini mbele ya macho yenu. Wekeni sheria: kileleni pasiguswe, mteremko mkali upumzishwe, mawe ya kale yasiondolewe. Tutazisaini kabla wino haujakauka, maana tunazifuata tayari. Lakini zipimwe kwa ardhi ilivyo, na barabara ya hoteli ipimwe kwa kipimo kile kile, siku ile ile.

Alhamisi tarehe ishirini na mbili mtamwona Evelio Cohuoj mlangoni, na kipande cha tope mkononi. Ndiye aliyeandika ripoti mnayotaka kuipigia kura, na anakuja kuwaambia ni wapi aliandika uongo. Mhandisi Batres atawaambia mtu huyo si mfanyakazi wake tena. Mpeni kiti. Fungueni kile kipande mkakitazame wenyewe, weupe wake na weusi wake. Na kabla hajamaliza kusema, usiinuke mkono hata mmoja.

Otilia Cohuoj